Muulize Sonara: Cha kiti na cha mtu

Toleo lililopita mdomo uliniponyoka. Nilikuwa namjibu mama mmoja aliyetaka kujua namna ya kusafisha pete ya almasi nyumbani (maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki laini wa mtoto, basi), nikatupia mwishoni kwamba almasi ya waridi aliyokuwa nayo marehemu Malkia Elizabeth wa Uingereza ilichimbwa hapa kwetu, Mwadui, Shinyanga. Sentensi moja tu. Mhariri kaniletea bahasha ya barua mpaka kibandani kwangu Ngamiani, Tanga, na nyingine zimeingia kwenye simu ya mjukuu wangu. Sabuni hakuna aliyeiuliza. Basi leo tukae majumba ya wafalme kidogo, vikuku na vipuli tutavirudia.

*Babu Sonara, shikamoo. Hiyo almasi ya Mwadui ni kweli au ni maneno ya barazani? Na kama ni kweli, Malkia aliinunua, alipewa, au ilichukuliwa? – Msomaji, Makorora*

Marahaba. Ni kweli tupu. Mwenye mgodi alikuwa Mkanada, mtaalamu wa miamba, John Williamson, aliyezaliwa mwaka 1907. Alitafuta almasi Tanganyika kwa miaka hadi alipoipata Mwadui mwaka 1940. Oktoba 1947 likatoka jiwe la waridi la karati 54.5. Mwezi uliofuata, tarehe 20 Novemba, Elizabeth, wakati huo bado binti wa mfalme, alikuwa anaolewa. Williamson akampa jiwe lile kuwa zawadi ya harusi, ghafi vilevile lilivyotoka ardhini.

Uzito wake ulikuwa karibu gramu 11, yaani pete mbili nzito za kiume. Mwaka 1948 likakatwa London. Bibi harusi alikwenda kuitazama kazi hiyo pamoja na bibi yake mzaa baba, Malkia Mary, ambaye jina lake mtalisikia sana leo maana mama huyo alivijua vito kuliko masonara wengi. Jiwe lilipomaliza kukatwa lilibaki karati 23.6. Zaidi ya nusu imekwenda! Sisi wa dhahabu tukipiga tupa, vumbi tunalikinga kwenye ngozi, na hata taka za sakafuni tunazifagia, tunazichoma na kuziosha. Mwisho wa mwaka zinatoa pete. Vumbi la almasi halirudi kuwa almasi.

Baada ya hapo jiwe lilikaa miaka mitano bila kukalishwa kwenye pambo. Mwaka 1953 fundi Frederick Mew wa nyumba ya Cartier, London, akalichorea bruchi, ile pini ya kubandika kifuani. Ni ua la jamii ya nargisi lenye bua na majani. Almasi yetu ndiyo moyo wa ua, petali zake ni almasi nyeupe, na mwili wote ni platini. Malkia aliivaa, pamoja na siku nyingine, kwenye harusi ya mwanawe Charles mwaka 1981. Fundi yule namvulia kofia. Jiwe kubwa namna ile wengine wangelizungushia dhahabu nzito mpaka lionekane kama kitasa cha mlango.

Sasa, alipewa au ilichukuliwa? Alipewa, na mwenye mgodi, kwa sheria ya siku zile. Lakini siku zile Tanganyika ilikuwa mikononi mwa Waingereza, na mwenye nchi hakuwa na sauti ya kusema toa au usitoe. Maneno yote mawili ni ya kweli, wala hayafukuzani.

Bei yake siwezi kukutajia kwa kuwa haijawahi kuwekwa sokoni. Nakupa ya mdogo wake. Oktoba 2022, mwezi mmoja baada ya Malkia kufariki, almasi nyingine ya waridi kutoka mgodi uleule, ya karati 11.15, chini ya nusu ya ile ya Malkia, ilinadiwa Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 57. Piga hesabu mwenyewe, mimi kikokotoo changu kiligoma.

*Fundi, nasikia rubi kubwa kwenye taji la Mfalme ni feki. Wamepigwa hata wao? – Kijana wa Usagara*

Feki hapana. Limepewa jina lisilo lake. Jiwe lile jekundu la mbele kwenye taji la dola, la karati kama 170, linaitwa rubi kwa karne nyingi, nalo ni spineli. Rubi, yaani yakuti nyekundu, na spineli hukaa ardhini pamoja na hufanana kama ndugu wa tumbo moja. Wataalamu wameweza kuzitenganisha rasmi mwaka 1783. Rubi ni ngumu zaidi. Tena ukiigeuzageuza kwenye kifaa maalumu inakuonyesha rangi mbili, na spineli inabaki na moja.

Historia ya jiwe lenyewe si ya kusimulia usiku. Linasemwa kuwa lilikuwa la Abu Said, mtawala Mwislamu wa Granada. Mwaka 1362 alimwendea Pedro, mfalme wa Castile, akiwa mgeni anayetaka amani, akauawa na vito vyake vikabaki kwa mwenyeji. Mwaka 1367 Pedro naye akampa mwana wa mfalme wa Uingereza kwa kusaidiwa vitani. Juu ya jiwe kuna tundu, maana zamani lilitungwa likavaliwa kama kidani. Tundu limezibwa kwa kipande kidogo cha jiwe jekundu, na hicho kipande ndicho rubi ya kweli. Mgeni kageuka mwenye nyumba.

Na usiidharau spineli. Za Mahenge, Morogoro, zile za waridi iliyoiva, wanunuzi wanazipandia ndege. Hata hapa mkoani kwetu, bonde la mto Umba, tangu miaka ya 1960 hutoka yakuti za kila rangi na gareneti za kila namna. Zipo gareneti ambazo wanunuzi wa mwanzo walizikataa kwa kuwa hazikufanana na zile walizozitaka. Hazikuwa na kwao. Wachimbaji wakaziita malaya. Jina likasafiri na mawe, na leo mzungu wa heshima anamvisha mkewe gareneti ya malaya, kwa jina hilohilo, na cheti juu. Mhariri, hilo usilifute, ni elimu.

*Mzee wangu, mimi ni mwalimu wa historia Korogwe. Vito hivi vyote hasa ni vya nani? Mfalme Charles akipungukiwa anaweza kuuza taji? Na vile vinavyodaiwa na Wahindi na Waafrika Kusini, wewe unavionaje? – Mwalimu*

Mwalimu, hili ndilo swali nililokuwa nalingoja. Watu wa pwani tutalielewa upesi kuliko wengine, kwa kuwa tuna neno lake: wakfu. Shamba la minazi likiwekwa wakfu kwa msikiti au kwa kizazi, anayelisimamia anakula madafu lakini hauzi shamba. Mataji na fimbo za enzi zilizomo Mnara wa London ni hivyo. Mfalme anavivaa, anavirithisha, kuviuza hawezi. Vito vile ni vya kiti. Halafu yapo mapambo ya mtu mwenyewe: aliyonunua, aliyopewa na mumewe, aliyorithi kwa mama. Hayo ni ya mtu, na mtu anaweza kugawa.

Ugomvi unazaliwa katikati ya hayo mawili. Na Waingereza wamegombana, tena ndani ya ukoo mmoja. Malkia Charlotte, mke wa George III, alikufa mwaka 1818 akaacha vito vyake kwa nyumba ya Hanover, Ujerumani walikotoka. Wakati ule haikuwa na shida, mfalme wa Uingereza na wa Hanover alikuwa mmoja. Mwaka 1837 Victoria akarithi Uingereza, lakini Hanover sheria yao haikumkubali mwanamke, ikaenda kwa baba yake mdogo, Ernest Augustus. Baba mdogo akataka vito. Victoria akavivaa. Mzee akaandika, akalalamika, akafa hajavipata. Mwanawe akaendelea na kesi. Miaka 20! Hatimaye tume ikaamua kwamba Hanover wana haki, na mwanzoni mwa 1858 Victoria akafungua masanduku akarudisha. Nadhani ndiyo sababu mama yule baadaye aliandika orodha ya vito alivyoviacha kwa kiti, visije vikagawanywa tena. Aliumwa na nyoka.

Ila usidhani cha kiti kiko salama milele. Mwaka 1649, baada ya kumkata kichwa Charles I, Bunge liliyayeyusha mataji yote ya zamani, dhahabu ikapigwa sarafu na vito vikauzwa. Vingi unavyoviona leo vimetengenezwa kuanzia 1661, mwanawe alipotawazwa. Katika vitu vya kutawazia vya kale kilichonusurika ni kijiko cha kupakia mafuta matakatifu, cha karne ya 12. Mtu mmoja alikinunua kwenye ule mnada, akakitunza, akamrudishia mfalme mpya. Mimi kama sonara, ukinifungulia ule Mnara ukaniambia chagua kimoja ukishike, nitashika kijiko.

Sasa India. Koh-i-Noor, almasi ambayo jina lake ni la Kiajemi, Mlima wa Nuru, ilitoka Lahore mwaka 1849 baada ya Waingereza kuiteka Punjab. Kwenye mkataba kuna kipengele kinachosema jiwe litolewe kwa Malkia wa Uingereza. Aliyetia saini ni Maharaja Duleep Singh. Unajua alikuwa na umri gani? Miaka 10. Baba yake, Ranjit Singh, alikufa mwaka 1839, na mama yake alikuwa ametenganishwa naye, amefungwa. Mwalimu, kwetu mtoto aliyefiwa na baba anaitwa yatima hata kama mama yupo, na sote tulisoma chuoni habari ya mali ya yatima na moto. Hakuna kadhi wa kijiji chochote cha Mrima ambaye angeipokea saini ile. Mwaka 1852 wakalikata upya kwa kuwa halikung'aa walivyotaka, likashuka kutoka karati 186 hadi 105.6. Leo lipo kwenye taji alilotengenezewa mama yake Elizabeth mwaka 1937. Kutawazwa kwa Charles, Mei 2023, Malkia Camilla alivaa taji la Malkia Mary bila Koh-i-Noor. Mwenye haki na kitu hukivaa mbele za watu; mimi nimeishia hapo.

Afrika Kusini hesabu yake ni ngumu zaidi, nami sitaki kukudanganya kwa kuifanya nyepesi. Cullinan ilitoka mgodini karibu na Pretoria Januari 1905. Karati 3,106, gramu 621! Kilo nusu na zaidi, jiwe la kujaza kiganja. Serikali ya Transvaal ililinunua kwa pauni 150,000, na mwaka 1907 likatolewa zawadi kwa Edward VII siku alipotimiza miaka 66. Kwa hiyo karatasi ipo, fedha ilitoka. Lakini waliokaa kupitisha zawadi hiyo walikuwa Makaburu na Waingereza, miaka mitano tu tangu waache kuuana, wakitafuta kupatana kwa jiwe lililochimbwa na jasho la Waafrika ambao kwenye kikao kile hawakuwemo. Mimi naiita zawadi ya mgeni kwa mgeni mwenzake. Jiwe lilikatwa Amsterdam mwaka 1908 na nyumba ya Asscher, likatoa mawe makubwa 9 na madogo 96. La kwanza, karati 530.2, liko kwenye fimbo ya enzi. La pili, 317.4, liko kwenye taji la dola, chini kidogo ya ile spineli yetu.

Kuna kichekesho chake. Kutoka Afrika Kusini kwenda London walipanga askari kwenye meli kulinda sanduku, watu wote macho kule. Ndani mlikuwa na jiwe bandia. Lenyewe lilikwenda kwa posta, kwenye boksi la kawaida. Nikikumbuka kuna mteja alinifokea kwa kumpelekea hereni zake Muheza kwa kondakta wa basi, nafarijika.

*Baba, nina uchungu. Mume wangu kafariki mwaka jana. Seti ya dhahabu ya marehemu mama mkwe, niliyoahidiwa itakuwa ya binti yetu, nimeiona kwenye shingo ya mwanamke wa nje. Je, nishitaki au ninyamaze? – Mjane, Muheza*

Pole sana mwanangu, Mungu akupe subira na amrehemu marehemu. Mimi si kadhi, siwezi kukuhukumia. Lakini nikikupa kisa hiki utajua hujaanza wewe.

Mwaka 1818, Frankfurt, palichezwa bahati nasibu ya hisani, na mke wa mwana mmoja wa mfalme wa Uingereza, Augusta wa Cambridge, akashinda kisanduku cha zumaridi. Bahati nasibu, kama zetu hizi za kukwangua. Zumaridi zikaenda kwa binti yake, na binti alipokufa zikaangukia kwa mtoto wake wa kiume, Francis, kaka yake huyuhuyu Malkia Mary. Francis hakuoa. Alikuwa na mpenzi, mama mmoja wa daraja la juu, mke wa mtu. Francis akafa ghafla Oktoba 1910, na zumaridi za bibi zikakutwa zimekwenda kwa yule mama. Dada mtu ndiyo kwanza amekuwa malkia, kutawazwa kunakuja! Kwanza wosia ukafungwa na mahakama usisomwe na watu, na tangu hapo wosia wa watu wa ukoo ule hufungwa. Kisha Malkia Mary akazirudisha zumaridi kwa mazungumzo, si kwa matarumbeta, na Desemba 1911 alikuwa Delhi amezivaa mbele ya India nzima.

Ziliendelea kupata makazi ya ajabu. Mwaka 1917, mapinduzi ya Urusi, mjane wa mtoto wa mfalme, Maria Pavlovna, alikimbia akaacha taji lake la almasi ndani ya kasri lake. Rafiki yake Mwingereza akaingia akiwa amejigeuza kibarua, akalitoa. Mama yule alipokufa, binti yake akaliuza mwaka 1921, na mnunuzi alikuwa nani? Mary tena. Lilikuwa na pete 15 za almasi, katikati ya kila moja ikining'inia lulu. Akaagiza lifanywe liweze kupokea na zumaridi zake, leo lulu, kesho kijani. Elizabeth naye alilivaa hivyo miaka mingi.

Sasa wewe. Kabla ya neno lolote kwa yule mwanamke, kaa na wazee wa upande wa mume, na mtu mmoja mwenye elimu ya mirathi. Swali watakalokuuliza ni moja: ile seti mumeo alikuwa ameishika kama amana ya binti, au ilikuwa yake aliyorithi kwa mama yake? Kama ilikuwa yake na aliitoa kwa mkono wake akiwa hai, una kazi. Kama ilikuwa amana, hakuwa na cha kutoa. Na upande wangu mimi: tafuta picha ya harusi ambayo mama mkwe kaivaa, na kama sonara wake bado yupo au mwanawe yupo, mwulize daftari. Wengi wetu tunaandika uzito. Seti ya tola fulani yenye chapa fulani haibishani.

*Babu, kwa nini almasi ni karati 23 na dhahabu yangu karati 22, halafu almasi ni ghali hivyo? – Chumbageni*

Ni maneno mawili yenye nguo moja. Ya kito ni uzito. Ya dhahabu ni usafi: 24 ni dhahabu tupu, 22 maana yake sehemu 22 dhahabu na 2 ni shaba au fedha. Asili yake ni mbegu ya mti mmoja wa Mediterania ambayo wafanyabiashara waliitumia kupimia. Ukiambiwa "pete ya karati 18" uliza, ya dhahabu au ya jiwe? Kuna watu wamelia.

*Shikamoo Babu. Naolewa baada ya Ramadhani. Mama anataka kidani cha bibi kiyeyushwe kitoke seti ya kisasa. Dada zangu wanasema tukodi seti kama wanavyofanya mjini. Mimi naona aibu kukodi, na kuyeyusha naogopa. – Binti, Pangani*

Marahaba mjukuu wangu, na heri nyingi.

Kukodi kwanza. Taji la Mtakatifu Edward, lile la dhahabu zaidi ya kilo 2 analowekewa mfalme kichwani akitawazwa, limetengenezwa mwaka 1661. Mpaka mwaka 1911 mawe yake yalikuwa ya kukodi. Yanaletwa, yanapachikwa, kutawazwa kunafanyika, kisha yanang'olewa na kurudishwa kwa wenyewe. Miaka 250! Kwa hiyo wewe ukikodi kwa siku moja Pangani usiniambie habari ya aibu.

Kuyeyusha ni jambo jingine, na hapo nina kisa changu. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, hapa Tanga watu waliogopa kukutwa na chochote. Kuna waliozika mikufu chini ya minazi, na mingine ipo huko hadi leo. Usiku mmoja alikuja mama mtu mzima, kwa mlango wa uani, na furushi la kanga. Ndani kulikuwa na kidani cha mirengu mitatu, jozi ya vikuku na jasi za masikio, kazi ya mkono ya zamani, nyuzi za dhahabu zimesukwa nyembamba kama utambi. Aliyeitengeneza alikuwa amekufa kabla baba yangu hajazaliwa. Akasema yeyusha, nipe kipande nitie mfukoni. Mimi nilikuwa kijana, mikono inawasha. Sikupima kitu kimoja kimoja, sikuchora hata kwenye karatasi ya sigara. Dakika 20 za mvukuto, ikawa tonge. Miaka miwili baadaye hofu imekwisha, akarudi na tonge lake, akasema nirudishie kidani. Nilijaribu. Nilitengeneza kidani kizuri tu. Alikitazama, akakivaa, akanilipa, akasema, "Ahsante mwanangu," kwa sauti ya mtu anayeshukuru kwa maji wakati aliomba uji. Kosa lile ni langu.

Huyo Malkia Mary niliyekwambia alikuwa mbomoaji mkubwa. Mwaka 1893 alipoolewa, Victoria alimpa kidani cha almasi. Mwaka 1919 akakipeleka kwa fundi kikatoka taji dogo lenye miale wima kama chanuo. Lakini angalia: alikifungua, hakukichoma. Jiwe likitoka kwenye kidani likaingia kwenye taji bado ni lilelile. Siku ya harusi ya Elizabeth, mwaka 1947, mjukuu alikuwa amelivaa taji hilo, likakatika kichwani asubuhi ya harusi! Fundi alikuwepo nyumbani, akalikimbiza karakanani kwa msafara wa polisi, akalilehemu, likarudi. Ukiitazama picha yake kwa makini, utaona pengo kidogo mbele, miale haikukaa sawa. Binti na mjukuu wa Elizabeth nao wameolewa nalo, mjukuu mwaka 2020.

Kwa hiyo kidani cha bibi kilete nikione, au kipeleke kwa sonara unayemwamini hapo Pangani. Tutakipima mbele yako, tutakipiga picha mbele na nyuma. Kama kimeungwa kwa vipande, tunaweza kufungua vipande viwili vikawa vipuli na kilichobaki kikawa kidani chepesi, bila kuwasha moto mkubwa. Seti ya kung'aa ya ukumbini kodi, kama dada zako wanavyosema. Na mama mwambie Sonara amesema anamwamkia.

*Babu, wewe umewahi kushika kito cha malkia? – Mwanafunzi wa darasa la sita, Ngamiani*

Sijawahi, mjukuu wangu. Nimeona picha kama wewe.

Lakini nilikuwa na miaka 14 au 15 hivi, napuliza mvukuto kwa baba, akaingia kijana wa Kidigo na fundo kwenye ncha ya shuka. Akalifungua: jiwe la waridi, dogo kuliko punje ya mahindi. Habari za almasi ya Mwadui zilikuwa zimemfikia, na yeye akaamini amempata mdogo wake. Baba alilisafisha, akaliweka kwenye sahani nyeupe ya chai, kisha akalipulizia pumzi ya mdomo kama anavyopulizia mtu kioo cha miwani. Almasi ukiipulizia, ukungu hauketi, unapotea papo hapo, maana inapitisha joto upesi. Ule ukungu ulikaa. Baba akahesabu kimya, moja, mbili, tatu.

"Si almasi," akasema. "Ni yakuti ya Umba. Nzuri."

Akamtajia bei. Kijana akalitazama jiwe, akamtazama baba, akaomba aongezewe shilingi mbili na nauli ya kurudi Daluni. Baba akampa, na chai juu.